Jueni Swali la Kuliacha: Hotuba kwa Wahitimu Wanaojiandaa na GMAT, Chake Chake

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu, wazee mliofika, na nyinyi wahitimu ambao ndio wenye shughuli yenu: Assalamu alaykum.

Nimeombwa niseme juu ya GMAT, ule mtihani wa kuombea nafasi katika skuli za biashara. Nasomesha vijana wanaojiandaa nao, jioni jioni baada ya kazi zao, kwa hiyo mengi nitakayoyasema nimeyaona kwenye madaftari yao.

Nianze na jambo ambalo waandaaji pengine hawakutaka nilianze nalo. Wengi wenu humu ukumbini hamuuhitaji mtihani huu. Mtu anayetaka shahada ya uzamili ya biashara hapa kwetu, au katika vyuo vingi vya Tanzania Bara, huulizwa cheti cha shahada ya kwanza na matokeo yake, na pengine barua za wadhamini, basi. Baadhi ya ufadhili nao ni hivyo hivyo. Chevening, ule wa serikali ya Uingereza, haukuulizi alama za GMAT. Inayoweza kukuuliza ni skuli yenyewe unayoiomba. Anayeuhitaji hasa ni yule anayeelekea skuli kama INSEAD ya Ufaransa, London Business School, Harvard na wenzake. Kwa hiyo kabla hujatoa hata senti, andika majina ya skuli tatu nne unazozitaka kweli, ufungue tovuti ya kila moja, usome wanataka nini kwa mwaka huu. Ada ya mtihani huu ni mamia ya dola. Kwa mtu anayelipwa mshahara wa kuanzia, hiyo si pesa ya kujaribia bahati.

Pia utakuta skuli nyingi zinapokea GRE badala ya GMAT. GRE umefupishwa tangu Septemba 2023, sasa hauzidi saa mbili, na ndani yake una msamiati mgumu wa Kiingereza na insha moja ya kuandika. Mwenye Kiingereza kipana na hesabu za wastani mara nyingi huona GRE unamkubali zaidi. Mwenye kichwa cha mantiki na ambaye hapendi kukariri maneno, GMAT. Fanya mtihani mmoja wa majaribio wa kila upande ndipo uamue. Sitarudi tena kwenye GRE.

Sasa GMAT yenyewe. Ulianza mwaka 1954, baada ya skuli tisa za biashara za Marekani kukubaliana wawe na kipimo kimoja cha kuwapimia waombaji wao. Jina la GMAT likaja 1976. Lakini huu mtakaoufanya nyinyi si ule waliofanya kaka zenu. Ulibadilishwa Novemba 2023, na wa zamani ukafungwa mwisho wa Januari 2024. Nazitaja tarehe hizi kwa makusudi, kwa sababu vitabu vinavyopita mkono kwa mkono hapa Pemba ni vya kabla ya hapo. Nimeona kijana anakesha na pembetatu na duara, na jometri haimo tena. Insha haimo. Yale maswali ya kusahihisha sarufi ya Kiingereza, yaliyokuwa yakiwatesa watu, nayo hayamo. Kitabu cha zamani si cha kutupa, kina mazoezi mazuri ya asilimia na uwiano, lakini sura hizo zipite.

Muda wake ni saa mbili na dakika 15. Una sehemu tatu, kila moja dakika 45. Sehemu ya hesabu ina maswali 21, ya lugha 23, na ya tatu, ambayo kwenye skrini mtaiona ikiitwa Data Insights, ina maswali 20 ya kusoma majedwali, grafu na taarifa zilizochanganywa. Unachagua mwenyewe uanze na ipi. Katikati pana mapumziko ya dakika 10 kwa anayeyataka, na mimi nasema yatake. Alama zinaanzia 205 hadi 805, na zote humalizikia na 5. Ndiyo maana mtu akikwambia alipata 700, jua huyo alifanya wa zamani. Wala usijipime naye moja kwa moja: 645 ya leo ndiyo inayokaa karibu na ile 700. Wako vijana wamepata 655 wakarudi nyumbani wamenuna, na wamefanya vizuri sana.

Hesabu zilizomo ni zipi? Asilimia, uwiano, mwendo na kasi, wastani, milinganyo, tabia za namba, uwezekano, seti. Kwa jumla ni hesabu alizozipitia aliyemaliza Kidato cha Nne akiwa macho. Hakuna trigonometria, hakuna kalkulasi. Aliyesoma BAM, lile somo la hesabu la Kidato cha Sita, amezidi kiwango. Kikokotoo hupewi kwenye sehemu ya hesabu. Kipo kwenye ile ya tatu tu, ya takwimu.

Basi kama hesabu ni hizo, mbona watu wenye shahada wanatoka mle vichwa vimewauma?

Kwanza ni namna kompyuta inavyouliza. Swali linalokuja huchaguliwa kwa kutazama ulivyojibu yaliyopita. Ukipata, linakuja gumu zaidi; ukikosa, linashuka kidogo. Matokeo yake ni kwamba karibu kila mtu, mwerevu na wa kawaida, husukumwa mpaka afike mahali anapoanza kukosa. Mtoto aliyezoea kupata 90 kwa 100 tangu skuli ya msingi hajawahi kukaa na hali hiyo. Akikosa matatu mfululizo anadhani kazi imekwisha, mikono inaanza kutetemeka, na hapo ndipo inapokwisha kweli. Mkiingia mle, ingieni mkijua mtakosa, na wala si kidogo. Anayepata alama nzuri naye ameyakosa kadhaa.

Pili, na hili ndilo lililonileta hapa mbele yenu, ni malezi yetu ya darasani. Sisi tumefunzwa kung'ang'ania. Mwalimu wa hesabu akisimama mbele anakwambia, umekwama rudia, onyesha njia. Na kwa mitihani ya taifa, ya NECTA, alikuwa na haki, maana hata jibu likikupotea, njia ina alama zake. Kwenye GMAT njia haisomwi na mtu. Kompyuta inaona jibu ulilolibonyeza, mwisho. Dakika sita ulizoziweka kwenye swali moja kwa sababu ya ushupavu hazikupi zaidi ya alichopata aliyebahatisha kwa sekunde kumi, na umemega muda wa maswali mawili ya mbele ambayo pengine ungeyaweza. Tena ukiacha maswali mwishoni bila kuyajibu kwa sababu muda umekwisha, unakatwa zaidi kuliko kuyajibu vibaya. Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Kwa dakika hizi 45 nawaomba radhi wahenga: acheni mbachao, ufuateni msala.

Kuacha swali ni ufundi unaofunzwa kama ufundi mwingine. Nawaambia wanafunzi wangu hivi. Ikifika dakika moja ndani ya swali, jiulize kitu kimoja tu: je, najua hatua yangu inayofuata? Sikusema jibu, nimesema hatua. Ukiijua, endelea. Hukuijua, kata majibu yanayoonekana dhahiri hayawezi kuwa, chagua moja katika yaliyobaki, liwekee alama, ondoka. Programu inakuruhusu kuweka alama kwenye swali, na ukimaliza sehemu ukabakiwa na muda, unarudi na kubadilisha hadi majibu matatu. Matatu tu, kwa hiyo msiyawekee alama maswali kumi na mbili.

Kisha kuwe na vituo vya kutazama saa. Sehemu ya hesabu imejigawa vizuri: maswali 21 kwa dakika 45 ni maswali saba kila robo saa. Saa ikionyesha zimebaki dakika 30, uwe umemaliza saba. Zikibaki 15, umemaliza kumi na manne. Kama uko nyuma kwa moja, usiogope. Ukiwa nyuma kwa matatu, lijalo unalolichukia libahatishe mara moja bila hata kulisoma mara ya pili. Sehemu ya lugha ina kama maswali manane kwa robo saa, ila ile mizigo ya kusoma kifungu kirefu huja na maswali yake pamoja, kwa hiyo hapo hesabu ya vituo huyumba kidogo. Usitazame saa kila swali. Anayetazama saa kila swali anasoma saa badala ya swali.

Nikupeni mfano mmoja wa aina ya swali ambalo hamjawahi kuliona skuli, halafu mtaona kwa nini nasema si hesabu wanazozipima. Linaitwa Data Sufficiency, na siku hizi liko ndani ya ile sehemu ya takwimu. Huulizwi jibu ni ngapi. Unaulizwa kama taarifa ulizopewa zinatosha kulipata jibu.

Nimelitunga mwenyewe. Bi Salama anachuma karafuu na analipwa kwa pishi. Je, jana alilipwa zaidi ya shilingi 10,000? Taarifa ya kwanza: alichuma pishi nane. Taarifa ya pili: malipo ya pishi moja yalikuwa zaidi ya shilingi 1,200.

Majibu ni matano na hayabadiliki kamwe: ya kwanza peke yake inatosha, ya pili peke yake inatosha, zote mbili kwa pamoja zinatosha, kila moja peke yake inatosha, hata zikiwa pamoja hazitoshi. Yajueni kwa kichwa kabla ya siku hiyo, msipoteze muda kuyasoma.

Haya. Pishi nane peke yake, bei hatuijui, haitoshi. Bei peke yake, pishi hatuzijui, haitoshi. Tuziunganishe. Hapa ndipo nusu ya darasa langu hupiga kelele "pamoja zinatosha!", kwa sababu wameona idadi na wameona bei, na mkono unajiendea. Ngojeni. Nane mara 1,200 ni 9,600. Bei ni zaidi ya 1,200, lakini zaidi kwa kiasi gani? Ikiwa ni 1,210, Bi Salama kapata 9,680, hakufika elfu kumi. Ikiwa ni 1,500, kapata 12,000, amepita. Mara ndiyo, mara siyo. Basi hata zikiwa pamoja hazitoshi. Kuzidisha hapo ni kwa darasa la nne. Kilichopimwa ni kama utasimama kabla hujaamini kwamba umeshajua. Meneja anayetia saini mkataba ana kazi hiyo hiyo, na nadhani ndiyo maana skuli za biashara zinaupenda mtihani huu, ingawa mimi binafsi sioni kwamba unapima kila kitu cha biashara. Haujui kama mtu ni muaminifu. Haujui kama anaweza kukaa na wateja. Na skuli zenyewe zinalijua hilo, ndiyo maana wanataka na insha zako za maombi, barua na mahojiano.

Upande wa lugha, watu wetu wanaogopa Kiingereza. Woga huo una sababu, sikatai, lakini kwenye mtihani wa sasa umepitwa na wakati. Sarufi haipimwi tena peke yake. Kinachopimwa ni kusoma kwa kuhoji. Sikilizeni huu, nao ni wa kutunga. Kijiji kimoja cha pwani kilifunga miamba yake ya pweza kwa miezi mitatu. Siku ya kufungua, pweza waliotoka walikuwa mara tatu ya siku za kawaida. Mwandishi anamalizia kuwa kufunga miamba kumeongeza pweza. Swali: lipi kati ya haya, likiwa kweli, linaidhoofisha hoja hiyo zaidi?

Mtu wa kwanza atachagua jibu linalosema bei ya pweza ilishuka siku ile. Halihusu, hoja haikuzungumza bei. Wa pili atachagua linalosema vijiji vingine havikufunga miamba yao. Hilo nalo linapita pembeni. Jibu lenyewe ni linalosema kwamba siku ya kufungua walikuja wavuvi kutoka vijiji jirani, idadi yao ikawa mara tatu ya kawaida. Kama wavuvi ni mara tatu na pweza ni mara tatu, kila mvuvi kapata vile vile. Mwandishi alikisia bila kusema kuwa wavuvi ni wale wale. Kazi yako kwenye maswali ya aina hii ni kukitafuta kile ambacho mtu amekikisia bila kukisema. Na nawaambieni, barazani kwetu, gazeti likishafunguliwa na kahawa ikishamiminwa, wazee wanaifanya kazi hii kila siku, tena bila huruma. Kijana akileta habari ya juujuu anaulizwa "nani kasema, na alikuwepo?" Mna malezi hayo. Yatumieni kwa Kiingereza.

Sasa maandalizi. Kuna mitihani miwili kamili ya majaribio inayotolewa bure na wenyewe wenye GMAT kwenye tovuti yao ya mba.com, na programu yake ni ile ile ya siku yenyewe. Miwili tu ya bure, kwa hiyo msiifanye yote wiki ya kwanza kwa hamu. Mmoja mwanzoni, ili ujue unasimama wapi na ujue skuli zako zinakutaka uongeze kiasi gani. Wa pili uuweke mpaka karibu na siku, kama wiki mbili kabla. Uufanye kwa saa ile ile uliyopangiwa mtihani, umekaa kwenye meza, simu iko chumba kingine.

Katikati ya hiyo miwili, kinachojenga ni daftari la makosa. Wanafunzi wangu wananiona mkali kwa hili. Sitaki mtu aniambie amefanya maswali mangapi. Nataka kuona, kwa kila swali alilolikosa, amelitumia dakika ngapi, alifikiri nini wakati ule, na mara ijayo atafanya nini tofauti. "Sikulielewa" si maelezo. "Niliona neno wastani nikakimbilia kugawa kabla sijajua vitu ni vingapi" hayo ni maelezo. Na muwe na ukurasa wa pili kwa maswali mliyoyapata lakini kwa dakika nne. Hayo yanahesabika kama hasara, ingawa jibu ni sahihi. Kijana mmoja alinionyesha ukurasa huo, karibu wote ni maswali ya uwezekano. Tukakubaliana: siku ya mtihani, swali la uwezekano likimjia na halifunguki kwa dakika moja, analiacha bila kujuta. Alama zake za majaribio zilipanda bila kujifunza kanuni hata moja mpya.

Wenye kazi za mchana, saa moja na nusu kila siku kwa miezi mitatu inatosha kwa wengi. Siku nzima ya Jumapili peke yake haitoshi kwa mtu yeyote.

Siku yenyewe. Unaweza kuufanya nyumbani kwa intaneti, au kwenye kituo cha mtihani, na wengi wa kwetu huvuka kwenda Dar es Salaam. Mimi nasema vukeni. Mtihani wa nyumbani unataka uwe peke yako chumbani, kamera imekuwakia, msimamizi anakutazama, na mtu mwingine haruhusiwi kuingia. Nyumba zetu mnazijua. Jirani anapiga hodi, hajaitikiwa, anasukuma mlango, anataka kuazima sinia. Umeme nao Pemba unatufikia kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010. Siku nyingi uko vizuri, lakini mtihani wa mamia ya dola usiutegemeze kwa "siku nyingi".

Anayetoka hapa ana bandari ya Mkoani, ana Unguja, ndipo Dar es Salaam. Msipange boti ya asubuhi ya siku ya mtihani, hasa miezi ya kusi. Laleni Dar usiku wake. Mtihani unafanyika mwaka mzima, kwa hiyo kama saumu inakupunguzia utulivu mchana, chagua tarehe nje ya Ramadhani, hakuna anayekulazimisha.

Na jina. Hili naliona kila mara. Pasi ya kusafiria imeandikwa Mohamed, cheti cha chuo Mohammed, barua pepe Muhammad. Jina unalojiandikishia GMAT lifanane na la kwenye pasi, herufi kwa herufi, na jina la babu likiwepo kwenye pasi liwepo na huko. Mlangoni hawatakuuliza mjomba wako ni nani. Wakiona tofauti wanaweza kukurudisha, na ada haikurudii. Angalieni pia pasi isiwe imekwisha muda.

Ukishamaliza unaziona alama zako, na baada ya kuziona ndipo unaamua zipelekwe skuli zipi, hadi tano bila malipo ya ziada. Hazikukuridhisha, usizitume. Unaruhusiwa kurudia baada ya siku 16, na si zaidi ya mara tano ndani ya miezi 12. Alama zinadumu miaka mitano, kwa hiyo mwenye nafasi sasa, kabla hajapandishwa cheo na kabla nyumba haijajaa watoto, anaweza kuufanya leo akaomba skuli baadaye.

Nimekuja na karatasi zenye maswali 21 ya hesabu, nimeyatunga mwenyewe, na manne kati ya hayo nimeyaweka makusudi ili yaachwe. Sitasema ni yapi. Chukueni kalamu, simu zifungwe, mwenye saa ya mkononi aitazame: dakika 45 kuanzia sasa.